Tumekubaliana, Fundi Hajaja

Katika mji huu wa Kisangani hakuna mtu anayekataa, na hilo ndilo linalonimaliza. Toka Mangobo asubuhi, pita Makiso, vuka mto mpaka Lubunga, kila unayekutana naye mwombe jambo lolote litakalokujia kichwani. Jioni utarudi nyumbani umekubaliwa yote. Seremala amekubali. Fundi wa mabati amekubali. Anayekudai amekubali kusubiri, unayemdai amekubali kulipa, na mwenye mtumbwi aliyekuvusha amekubali kwamba chombo chake kinavuja na kwamba kesho ataziba. "Hakuna shida, papa." Soko kuu zima halina kitu cha bei rahisi kuliko hiyo hakuna shida. Pondu ina bei, makayabu usiulize, lakini kukubaliwa unapewa bure, na nyongeza juu.

Sina ugomvi na watu wanaokataa. Ningependa sana kumjua mmoja. Ningemkaribisha kwangu, nimpe kiti kizima, kile kisichoyumba, nimtume mtoto akamchukulie soda baridi, nimsikilize tu akisema: "Papa, kazi hiyo siiwezi, tafuta mwingine." Muziki gani utashinda huo?

Nayasema haya kwa sababu binti wa dada yangu anasoma Kiingereza jioni, na amekiingiza Kiingereza chake nyumbani mwangu bila kuniuliza. Siku hizi vijana wengi hapa wanakisoma. Mmoja anataka kufanya biashara na Kampala, mwingine anataka kazi kwenye mashirika, wa tatu ana mchumba wa simu aliyeko Nairobi ambaye sisi wakubwa tumeamua kutomuulizia. Sisi tulifundishwa Kifaransa, tena kwa fimbo, na mpaka leo tukiandika barua kwa bwana mkubwa tunaomba radhi mistari mitano kabla ya kusema tunachotaka. Wao wanataka lugha ya kwenda nayo sokoni.

Ukurasa wa juma hili ninao hapa mezani, una doa la mafuta ya mawese ambalo si langu. Ni ukurasa wa maneno yanayotembea pamoja pale watu wanapozungumzia kukubaliana. Kushoto vitenzi, kulia majina, katikati nafasi ya kuchora mistari kwa penseli. Nimejifunza kwamba Mwingereza haridhiki kusema tu kwamba yeye na mwenzake wamekubaliana. Lazima akueleze pia njia waliyopita. Kuna *reach an agreement*, yaani makubaliano yako mahali na wewe unayafikia kwa miguu, labda PK 15 kwenye barabara ya Ituri, ukifika umelowa na umechoka. Kuna kuyaingia, maana yana mlango. Kuna *strike a deal*, ambapo dili linapigwa, halielezwi limekosa nini. Hapo mpwa wangu alikuwa amechora mstari safi kutoka *strike* hadi kwenye picha ya kiberiti iliyokuwa pembeni kwa ajili ya zoezi jingine. Mwalimu akaandika kwamba ni sahihi, lakini si katika somo hili. Mimi ningempa alama zote. Katika maisha yangu dili nyingi zilizopigwa ziliwaka dakika hiyo hiyo na kuzimika kabla ya kufika kwenye jiko.

"Noko," akaniambia, "angalia, kuna na kuyaheshimu, na kuyavunja, na kuyakiuka, na kujitoa."

"Na kuyatekeleza? Hicho kitenzi kiko wapi?"

Akageuza karatasi. Kipo. Ukurasa wa pili, chini kabisa, baada ya zoezi la nyumbani. Amekiruka.

Sikumkemea. Angekijulia wapi, katika nyumba hii? Mlango wa stoo yangu una pazia tangu kabla ya mvua kubwa. Mlango wenyewe nimeshaulipia avansi kwa seremala mmoja wa Kabondo, mtu mpole, mwenye macho ya kumwonea huruma kila anayemletea kazi. Tulikaa kwenye benchi lake tukakubaliana mbao, vipimo, bawaba, rangi, na siku. Bei tuliitaja kwa dola, maana hapa kwetu kitu chochote kizito kuliko gunia la mkaa kinatajwa kwa dola. Nikatoa noti ya ishirini. Akaiinua juani, akaizungusha, akapitisha kucha ukingoni mwake polepole, akanirudishia kwa heshima kubwa.

"Papa, hii ina jeraha."

Kweli ilikuwa na mchaniko, mdogo kiasi kwamba nililazimika kuvaa miwani ili niuone. Katika Kongo yetu, msomaji, noti ya franka unaweza kuileta ikiwa imefuliwa, imekunjwa mara nane, ina harufu ya samaki, na bado itanunua mkate. Lakini dola ikiwa na mchaniko wa upana wa jino la sisimizi, basi imekufa, haina ndugu. Tukahamia kwenye franka. Hapo ikabidi tukubaliane upya, maana yeye ana kiwango chake cha kubadilisha na mimi nina changu, na mama anayebadilisha fedha pale kona, aliyeitwa awe msuluhishi, alikuwa na cha tatu. Tukakubaliana. Tukapeana mikono. Tangu siku hiyo nimekubaliwa na seremala yule mara nyingi sana. Ubao haujakauka, amekubali utakauka. Umeme hakuna, amekubali utarudi. Nilipotuma mtoto mara ya mwisho, akaambiwa fundi amesafiri, yuko upande wa Isangi kwenye msiba, na ameacha salamu kwamba yale maneno yetu ni yale yale.

Mpwa wangu anadhani hii ni tabia ya siku hizi. Nikamwambia akae, nimpe historia, maana makubaliano ya Kiingereza mji huu ulianza nayo tangu zama za babu, na aliyetuletea alikuwa Stanley mwenyewe.

Anza na Agosti 1886. Mahali hapa panaitwa Stanley Falls, kuna stesheni ya Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na mkuu wake ni Mwingereza anayeitwa Deane. Watu wa Waarabu wakaishambulia. Deane akaichoma moto stesheni yake, akakimbilia msituni. Sasa, wewe ungekuwa mfalme aliyefukuzwa namna hiyo, ungefanya nini? Leopold alifanya lile ambalo mwenye nyumba yeyote wa Makiso angelifanya kwa mpangaji aliyemshinda nguvu: akampa cheo. Tarehe 24 Februari 1887, Zanzibar, kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza, mkubwa wa Waarabu hao, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, akatia mkono karatasi ya kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya mfalme huyo huyo, mshahara pauni 30 kwa mwezi. Miezi sita tu baada ya moto! Aliyetengeneza mambo hayo ni Stanley, na palepale wakapatana jambo la pili: Tippu Tip atatoa wapagazi 600 wa kubeba mizigo ya msafara wa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Equatoria, na upande wa Stanley utatoa baruti. Kesho yake wakapanda meli pamoja, wakaizunguka Afrika kupitia Cape Town, wakaingia mdomo wa Kongo, wakapanda mto. Makubaliano yaliyosafiri umbali wote huo ungedhani yatafika salama.

Juni 1887 Stanley akazama msituni, akamwacha Meja Barttelot kule Yambuya, kwenye mto Aruwimi, na mzigo mwingi na agizo la kungoja wapagazi. Meja akangoja. Kama unatoka upande wa Banalia unajua mvua ya huko, na unajua kungoja kwa huko. Akaja hapa kwenye maporomoko kuulizia, akarudi, akaja tena. Kuhusu baruti kulikuwa na mabishano: huyu anasema haikutolewa kama walivyosemezana, yule anasema mbona hilo ni jambo dogo. Kisha Tippu Tip akawa amesafiri. Naam. Fundi amesafiri, yuko Kasongo. Ilibidi mmoja wa maofisa wa Kiingereza, Jameson, afunge safari ya kumfuata mpaka huko Maniema, na Kasongo si pua na mdomo.

Juni 1888, mwaka mzima baadaye, wapagazi wakapatikana. Si 600. Mia nne na kitu. Na walipoiona mizigo, likazuka jipya: mzigo wa ratili 60 ni mzito, ushushwe uwe 40. Ikabidi wafungue, wapime, wafunge upya. Msafara ulipoondoka ulisambaratika njiani, na tarehe 19 Julai Barttelot akapigwa risasi Banalia. Stanley aliporudi mwezi Agosti akakuta kaburi, wagonjwa, na mzungu mmoja tu ambaye bado yuko kazini.

Alifanya nini? Alikwenda mahakamani. Akafungua madai Zanzibar dhidi ya Tippu Tip, pauni 10,000, kwa kuvunja mkataba. Tippu Tip akaondoka hapa, akarudi pwani kujitetea, na mwishowe kesi ikaachwa. Mzee huyo akakaa Zanzibar, akaandika maisha yake kwa Kiswahili, akafariki mwaka 1905 akiwa na mashamba na nyumba nzuri. Mpwa wangu akauliza nani alikuwa na haki. Nikamwambia mimi simpendi yeyote kati yao, mmoja alituuzia bunduki na mwingine akatuuza sisi, na wakati mwingine walibadilishana kazi. Lakini kwenye ukurasa wake wa Kiingereza aangalie vitenzi vyote: waliyafikia, wakayaingia, wakayapiga, wakayavunja. Kile cha chini kabisa cha ukurasa wa pili hakikuguswa.

Turudi kwetu, maana historia ikizidi mtoto anasinzia.

Chukua pikipiki. Zamani tulikuwa na toleka, baiskeli ya abiria yenye kiti cha sponji nyuma, na bei ilikuwa ikijulikana hata kwa mtoto mchanga. Siku hizi ni pikipiki, na bei inakubaliwa kabla ya kupanda. Unamwambia kijana: mpaka Plateau Boyoma, kiasi fulani. "Panda, papa, hakuna shida." Ukishafika ndipo unagundua kwamba kile ulichokubaliana kilikuwa nauli ya barabara nzuri. Barabara ilikuwa mbaya. Ilikuwa mbaya tangu nilipozaliwa, lakini kijana anaielezea kwa mshangao wa mtu aliyeiona leo. Kulikuwa na shimo. Kulikuwa na jua. Na wewe, papa, umenenepa kidogo, si kwa ubaya. Basi ongeza. Huyo ana ukoo wa moja kwa moja na wapagazi wa ratili 40, nami nimeacha kumkasirikia kwa heshima ya wazee wake.

Au nyumba. Sheria ya nchi hii ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Nilipokuwa natafuta pa kumkalisha kijana wangu, mwenye nyumba alinisikiliza nikiitaja sheria hiyo, akafurahi kabisa kukutana na msomi. "Tumekubaliana, mzee. Mitatu ya sheria." Akanyamaza kidogo. "Na mitatu ya mimi na wewe kufahamiana." Nikauliza na paa linalovuja nani atatengeneza. Hapo akaniwekea mkono begani na kusema neno ambalo ndilo ghali kuliko yote katika mikataba ya Kisangani: "Tutaelewana." Ukilisikia neno hilo, papasa mfuko wako kama bado upo. Tutaelewana maana yake ni kwamba wewe utanunua mabati na yeye ataelewa.

Mahari nisiyaguse sana, maana nina mabinti na sitaki kuharibu soko. Nitasema tu kwamba juzi nilikuwa msemaji wa familia kwenye kikao kimoja upande wa Lubunga, na ile karatasi ya madai ilikuwa na mbuzi, gunia la chumvi, suti ya baba, vitenge vya mama, taa, panga, na mstari mmoja ulioandikwa "na mengineyo". Tukapita mstari kwa mstari kuanzia saa nne asubuhi mpaka kinywaji kikaisha. Upande wa pili ukatangaza: "Kimsingi tumekubali." Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, mimi mwenyewe nikapiga makofi. Njiani kurudi, kwenye mtumbwi, ndipo nikaanza kujiuliza hiyo kimsingi imefunika nini. Imefunika "na mengineyo". Mpwa wangu ananiambia Waingereza nao wanayo, *agree in principle*, na iko kwenye orodha yake, namba saba. Basi wameoa sehemu moja na sisi.

Mambo haya ya milango na mbuzi ningeyavumilia, kama yangekuwa yetu sisi wadogo tu. Lakini wakubwa wametushinda mbali. Sijui kama kuna nchi nyingine iliyokubaliwa mara nyingi kama hii. Mtu wa umri wangu anahesabu maisha yake kwa majina ya miji ya hoteli: Lusaka, Sun City, Pretoria, Luanda, Nairobi, Addis Ababa, na mwaka 2025 watoto wakaongeza Washington na Doha. Sun City yenyewe, ambako mwaka 2002 viongozi wetu walikaa tangu Februari mpaka Aprili wakitafuta kukubaliana, ni mji wa starehe unaojulikana kwa kamari. Sikuchagua mimi. Walitoka huko na mapatano ya baadhi, wengine wakayakataa, ikabidi wakutane tena Pretoria, na tarehe 17 Desemba mwaka huo wakatia sahihi yale yaliyoitwa ya jumla na ya wote. Matokeo yake tukapata rais mmoja na makamu wa rais wanne. Kila aliyeshindwa kukubali alipewa gari.

Lakini Lusaka ndiyo ninayoipenda, kwa sababu Kisangani tulikuwa na viti vya mbele. Tarehe 10 Julai 1999 nchi zilizokuwa vitani zikatia sahihi kusimamisha mapigano. Waasi wa RCD hawakutia. Si kwamba walikataa amani, la hasha. Walikuwa hawajakubaliana nani kati yao ashike kalamu. Kundi moja lilikuwa Goma, jingine la Profesa Wamba dia Wamba lilikuwa hapa hapa kwetu, na kila moja lilikuwa na wafadhili wenye vifaru: Goma na Rwanda, hapa na Uganda. Agosti wafadhili hao wawili, marafiki, washirika, waliokuja pamoja, wakapigana mitaani mwetu. Mwisho wa mwezi, tarehe 31 Agosti, ufumbuzi ukapatikana kule Lusaka: wote watie sahihi. Waanzilishi wa chama, watu hamsini hivi, wakapanga foleni, kila mmoja na sahihi yake. Nilipomweleza mpwa wangu, akauliza kalamu ilikuwa moja au kila mtu alikuja na yake. Ni swali zuri na sina jibu.

Mei 2000 wafadhili wale wawili wakapigana tena, na baada ya hapo pande zote mbili zikakubali kuondoa majeshi yao mjini. Tarehe 5 Juni, wakiwa bado wanakubali, wakaanza tena, na safari hii wakaenda siku sita mfululizo, mpaka tarehe 10. Makombora zaidi ya 6,600 yaliuangukia mji huu. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliokuja baadaye waliandika raia zaidi ya 760 waliouawa na 1,700 hivi waliojeruhiwa. Hapo mimi sina mzaha. Tulilala chini ya vitanda, na waliokuwa wakirusha kutoka kila upande wa mto Tshopo walikuwa na karatasi moja yenye sahihi zao wote wawili.

Mzaha unarudi mahakamani. Kongo ilimshitaki Uganda The Hague, na tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema Uganda alipe fidia. Kiasi gani? Mahakama, kwa hekima yake yote, ikasema nchi hizi mbili zikae zenyewe zikubaliane. Zikubaliane! Ni sawa na kumwambia seremala wangu na mimi tukae wenyewe tukubaliane tarehe. Walikaa. Mwaka 2015 Kongo ikarudi mahakamani kusema imeshindikana, miaka kumi kasoro imepita na hawajaelewana hata hesabu. Kongo ilitaka zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 majaji wakakata wenyewe: dola milioni 325, zilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Katika hizo, milioni 225 ni kwa watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Mfuko wa kuzigawa umewekewa makao hapa Kisangani, na ndiyo sababu siku hizi ukimkuta mzee amebeba bahasha ya kaki chini ya kwapa, imevikwa nailoni dhidi ya mvua, huna haja ya kumwuliza anakwenda wapi.

Angalia lakini kilichotokea pale. Jambo lilisogea siku lile neno kukubaliana lilipoondolewa mezani na mtu mmoja akasema kiasi ni hiki, mwezi ni huu. Hilo ndilo ninalotaka kwa mlango wangu. Simtaki seremala anayekubali. Namtaka aniambie Alhamisi, au aniambie hapana, anirudishie franka zangu.

Mpwa wangu anasema mimi ni mzee wa kulalamika na kwamba kukataa usoni ni utovu wa adabu. Amelelewa vizuri, na anasema kweli: hapa kwetu hapana inayosemwa wazi inaumiza, inavunja undugu, watu wanaweza kukupita njiani bila salamu kwa msimu mzima wa mvua. Kwa hiyo tunasema ndiyo, tunalinda undugu, halafu tunakwepana njiani msimu mzima wa mvua. Mimi na seremala hatujakutana tangu nilipompa avansi, na tuna adabu sana wote wawili.

Kwenye orodha yake kuna fungu moja nililolifurahia, la mwisho: *agree to disagree*. Watu wawili wanakubaliana kwamba hawakubaliani, wanapeana mkono, kila mtu anakwenda kula kwao. Nikamwambia alisome mara mbili kwa sauti, jirani asikie, maana jirani huyo na mimi tuna maneno juu ya mpaka wa kiwanja na mwembe ambao shina liko kwangu na maembe yako kwake. Jirani akasikia. Akachungulia juu ya ua, akauliza maana yake nini. Mpwa akamweleza vizuri, kwa adabu. Jirani akatikisa kichwa kwa furaha, akasema hiyo ni hekima kubwa, anakubali kabisa. Asubuhi maembe mawili yaliyokuwa upande wangu hayakuwepo.

Walimu wa Kiingereza wa Kisangani, nawaomba jambo moja. Najua mna programu yenu na vitabu vyenu vinatoka mbali. Lakini hizo kurasa za kufikia, kuingia na kupiga makubaliano mnaweza kuzifupisha, mji huu unazijua kwa moyo, na ile ya kuvunja tunaweza kuwafundisha nyinyi. Ninaamini katika vitabu hivyo, mahali fulani, kuna somo la kukataa, na wale waseremala, wapangishaji na wenye pikipiki wa kesho wamekaa mbele yenu kila jioni. Lileteni mbele, lianze mwezi huu. Hata kama mwanafunzi atalitamka vibaya, sisi wateja tutaelewa.